Nyayo Anazozifuata Mtoto

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kumb. 6:4–9, Amu. 13:2–14, Mwa. 18:1–8, Mwa. 24:10–20, Dan. 1, Luka 2:41–52, Marko 6:30–32, 3 Yohana 2.

Fungu la kukariri: Kumbukumbu la Torati 6:6, 7.

Nyanda za juu za Kigoma, kutoka Kibondo hadi Kasulu, ni nchi ya kupanda na kushuka. Mtoto wa Titye hangoji kuambiwa atembee. Huenda shule kwa miguu, huteka maji, hutafuta kuni, na mvua zinapoanza hushika jembe pamoja na wakubwa. Kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba somo juu ya afya na mazoezi ya watoto linawahusu watu wa mjini tu.

Lakini swali la juma hili si kama mtoto anautumia mwili wake. Swali ni anajifunza nini anapoutumia, na anajifunza kwa nani. Je, anaona kwamba kazi ni heshima aliyopewa mwanadamu na Muumba wake, au ni adhabu ya maskini ambayo kila mwenye akili huikimbia mara apatapo fedha? Lami inasogea, bodaboda ziko kila njia panda, na soda imefika mpaka duka la mwisho la kijiji. Kilichokuwa lazima jana kitakuwa hiari kesho. Siku hiyo mtoto atachagua kile alichojifunza kukipenda kwa kuwatazama baba na mama.

JUMAPILI
Kwanza Moyoni mwa Mzazi

Soma Kumbukumbu la Torati 6:4–9. Maneno ya Mungu yanatakiwa kuwa wapi kabla ya kufundishwa kwa watoto?

Angalia mpangilio wa mafungu haya. Musa hakuanza na mtoto, alianza na moyo wa mzazi. Neno likiisha kukaa humo, ndipo mzazi anaagizwa kulifundisha kwa bidii. Tena hakumtengea chumba cha darasa. Alimtajia mambo manne ya kila siku: kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala, na kuondoka asubuhi. Yote manne hufanywa kwa mwili, na yote manne mtoto huyaona.

Mzazi anayelala usiku wa manane kwa sababu ya simu, kisha akamwamsha mtoto kwa ukali alfajiri, amefundisha masomo mawili yanayopingana. Mtoto atalishika lile aliloliona.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa juma. Mtoto anayepanda mlima kwenda shule na kurudi huenda ameshatimiza sehemu kubwa ya muda huo. Ni vema mzazi ajiulize kuhusu dakika zake mwenyewe.

Kwa siku moja ya kawaida, watoto wako wanakuona ukifanya nini kuanzia kuamka hadi kulala?

JUMATATU
Swali la Manoa

Soma Waamuzi 13:2–14. Manoa aliuliza nini kuhusu mtoto, naye malaika alijibu nini?

Manoa alikuwa baba mwenye nia njema. Aliposikia kwamba mkewe atazaa mwana, aliomba mjumbe wa Mungu arudi awafundishe namna ya kumlea. Malaika aliporudi, Manoa aliuliza mtoto ataishi vipi na kazi yake itakuwa nini. Hapo jibu linashangaza. Malaika hakutoa orodha ya mambo ya kumfanyia mtoto. Alirudia yale aliyokwisha kumwambia mama: ajiepushe na divai na kileo, asile kitu najisi, ayatunze yote aliyoagizwa. Baba aliuliza habari za mtoto, akajibiwa habari za mzazi.

Sayansi ya leo inakubaliana na jibu hilo kwa upande wa mimba, kwa maana pombe anayokunywa mama humfikia mtoto tumboni. Lakini kanuni yake ni pana zaidi. Baba anayerudi jioni akinuka pombe ya ndizi hawezi kumfundisha kijana wake kiasi, hata akiwa na fimbo mkononi. Na mama anayemkataza mtoto sukari, huku yeye akijaza vijiko vitano katika kikombe chake, anamfundisha mtoto kungojea ukubwa ili naye ajaze.

Kuna jambo gani unalomkataza mtoto wako lakini wewe mwenyewe hujaliacha? Mungu anakuitia nini katika jambo hilo?

JUMANNE
Mzee Aliyepiga Mbio

Soma Mwanzo 18:1–8 na Mwanzo 24:10–20. Ni nani waliofanya haraka na kupiga mbio katika habari hizi mbili?

Ibrahimu alikuwa mzee wa miaka 99, tajiri mwenye watumishi wengi, na ilikuwa wakati wa hari ya mchana. Hata hivyo alipoona wageni alipiga mbio kuwalaki, akaharakisha kwenda hemani kwa Sara, kisha akapiga mbio tena kwenda kundini kuchagua ndama. Angeweza kuketi na kuagiza. Baadaye, mtumishi wake alipotafuta mke kwa ajili ya Isaka, ishara aliyoiomba ilifanana na maisha ya nyumba aliyotoka: msichana ambaye mikono na miguu yake ni myepesi kuwasaidia wengine.

Kazi ya Rebeka haikuwa ndogo. Ngamia mwenye kiu kali anaweza kunywa zaidi ya lita 100, nao walikuwa kumi. Hata kama kila mmoja alikunywa nusu ya hizo, ni madumu 25 ya lita 20, yote yaliyotekwa kwa mtungi wa begani.

Hapa pana hatari ya kulitumia fungu hili vibaya. Rebeka alijitolea, hakubebeshwa. Katika nyumba nyingi binti anaporudi shule huwekewa dumu, fagio na mtoto wa kubeba mgongoni, huku kaka yake akienda kucheza mpira na baba yake akiwa kijiweni. Binti huyo anautumia mwili wake kuliko wote, lakini anachojifunza ni kwamba kazi ni kura mbaya iliyomwangukia kwa kuwa ni msichana. Na kaka yake anajifunza kwamba uanaume ni kuketi. Ibrahimu hakumwachia Sara na watumishi kila kitu. Baba anayebeba dumu lake bila kuona aibu anawafundisha watoto wake wote wawili kwa mara moja.

Vivyo hivyo kuhusu jembe. Mzazi anayesema, “Umekosa, nenda kalime,” amefanya shamba kuwa gereza. Mzazi anayesema, “Mwanangu, twende tukalime,” akatangulia yeye, amefanya shamba kuwa shule.

Nyumbani kwako, nani hufanya kazi nzito na nani hupumzika? Watoto wanajifunza nini kutokana na mgawanyo huo?

JUMATANO
Kilichomo Sahanini

Soma Danieli 1. Kabla ya kujaribiwa kwa siku kumi, Danieli alikuwa ameamua nini?

Danieli na wenzake walichukuliwa mateka wakiwa vijana, mbali na macho ya wazazi. Hakuna baba wala mama aliyekuwapo Babeli kuwaambia wale nini. Lakini walipowekewa chakula cha mfalme, walijua la kufanya, na wakaomba mboga na maji. Azimio la namna hiyo halizaliwi siku moja mezani pa mfalme. Hujengwa mapema, katika nyumba ambayo uaminifu huonekana hata kwenye chakula.

Mwili unaofanya kazi unahitaji kulishwa. Mtoto anayepanda mlima akiwa na njaa hapati nguvu, anazimaliza. Takwimu za kitaifa zinaonyesha kwamba mwaka 2022 watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri wa chini ya miaka 5 nchini Tanzania walikuwa wamedumaa. Idadi hiyo ilikuwa imepungua kutoka takriban 34 katika utafiti wa 2015–16, lakini bado ni watoto wengi mno. Udumavu wenyewe hauletwi na njaa peke yake. Huletwa pia na chakula cha aina moja siku zote, na maradhi ya mara kwa mara, kama kuhara.

Tena hali hii ipo hata pale ambapo ardhi inazaa. Nyanda za Kasulu na Kibondo hutoa maharage, mahindi, muhogo, ndizi na viazi vitamu. Sombe, mchicha na maparachichi vinapatikana. Familia inayouza maharage na mayai yote, ikarudi sokoni na soda na biskuti, imebadilisha kinachojenga mwili kwa kinachofurahisha ulimi. Watoto wanaelewa kwamba cha shambani ni cha shida, na cha dukani ni cha heshima. Si dhambi kuuza mazao, maana ada na sare hulipwa kwa fedha. Lakini sehemu ya watoto itengwe kabla gunia halijafungwa.

Ni mazao gani ya nyumbani kwako ambayo watoto wanayaona yakiuzwa lakini hawayaoni sahanini?

ALHAMISI
Desturi ya Safari na Pumziko

Soma Luka 2:41–52. Yusufu na Mariamu walikuwa na desturi gani kila mwaka? Linganisha na Luka 4:16.

Kutoka Nazareti hadi Yerusalemu ni zaidi ya kilomita 100, mwendo wa siku kadhaa. Yusufu na Mariamu walikwenda kila mwaka, na Yesu alipofikisha miaka 12 alikwenda nao. Walitembea pamoja na jamaa na marafiki. Miaka mingi baadaye, Luka anapomtaja Yesu akiingia sinagogi siku ya Sabato, anasema ilikuwa desturi yake. Wazazi walikuwa na desturi, na Mwana naye akawa na desturi. Ndivyo alivyokua katika hekima na kimo, akiwapendeza Mungu na wanadamu.

Yesu huyo huyo alijua pia kupumzika. Katika Marko 6:30–32 aliwaambia wanafunzi waliochoka wajitenge wakapumzike kidogo. Mtoto asiyewahi kumwona mama yake akiketi hujifunza kwamba mwili ni mtumwa. Sabato ni zawadi kwa nyumba ya mkulima. Siku sita watu hupanda mlima wakiwa na mzigo kichwani. Sabato alasiri wazazi wanaweza kuupanda mlima huo huo na watoto wao bila mzigo wowote, wakitazama ndege na maua, wakizungumza habari za Muumba.

Wapo wazazi wasioweza kutembea mbali kwa sababu ya ugonjwa, ulemavu au uzee. Nao wana mfano wa kutoa. Mtoto anayemwona bibi yake akimshukuru Mungu kwa nguvu kidogo alizobakiza, akinywa dawa zake kwa wakati na kukataa kinachomdhuru, amepata somo kamili la afya.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Katika kitabu Huduma ya Uponyaji, kilichotoka mwaka 1905, Ellen White alitaja dawa za asili ambazo kanisa limezifundisha tangu hapo: hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, chakula bora, maji, na kuutumaini uwezo wa Mungu. Karibu zote zinapatikana hata katika nyumba isiyo na fedha. Katika nyanda hizi hizi za Kigoma, hospitali ya Waadventista ya Heri imewahudumia wagonjwa kwa miongo mingi. Lakini hospitali huwapokea walioumwa tayari. Kinga huanzia nyumbani.

Watanzania wanalo kumbukumbu la kuwasaidia. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya “Mtu ni Afya”. Takriban watu wazima milioni 2 walikutana katika makundi madogo, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadili. Kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka nyasi kuzunguka nyumba, na kuchemsha maji. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa hapo: mazungumzo yaliishia kwenye jembe. Darasa la Shule ya Sabato nalo ni kundi la namna hiyo. Likijifunza juma hili na kuishia kwenye kujadili tu, watoto hawatakuwa wameona kitu.

Maswali ya kujadili:

1. Katika 3 Yohana 2, mtume anamwombea Gayo afya pamoja na ustawi wa roho. Kwa nini si sahihi kuvitenganisha viwili hivyo katika kulea watoto?

2. Familia iliyopata pikipiki inawezaje kuifurahia baraka hiyo bila watoto kupoteza desturi ya kutembea?

3. Mzazi aliyekuwa na mfano mbaya kwa miaka mingi afanye nini mbele ya watoto wake wakubwa? Je, inatosha kubadilika kimya kimya, au aseme nao?

4. Mtoto anayelelewa na bibi, au na mama peke yake, atapata wapi mfano wa baba mwenye bidii na kiasi? Kanisa lenu linaweza kufanya nini?

5. Darasa lichague jambo moja ambalo wazazi watalianza juma hili, watoto wakiona. Sabato ijayo, waulizwe watoto kama waliliona.