Figo Ikishashonwa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni daktari, nina miaka 31, nasomea ubingwa wa upasuaji hapa Dodoma. Nilipokuwa intern niliruhusiwa kuingia thieta siku ya kupandikiza figo, nikasimama nyuma kabisa ukutani. Niliiona figo ikitolewa kwenye barafu, imepauka kama kitu kilichokufa. Wakashona mishipa, wakafungua vibano, ikaiva wekundu mbele ya macho yetu, na kabla mrija haujaunganishwa kwenye kibofu mkojo ukaanza kuchuruzika palepale mezani. Tangu siku hiyo sitaki kitu kingine. Nataka niwe mtafiti wa upandikizaji, si wa kukata na kushona tu.

Shida ni kwamba baba aliuza ng'ombe huko Chamwino nisome, na wadogo zangu watatu bado wako shule. Anko ananiuliza kila Jumapili zahanati nitafungua lini pale Nkuhungu. Halafu rafiki yangu niliyesoma naye yuko Muscat, kanitafutia nafasi ya daktari wa wodini, mshahara ni mara kadhaa ya wa hapa. Anasema utafiti wa viungo uko Ulaya na Marekani, hapa nitazeeka nikiwashikia wengine vibano. Ni kweli? Niende au nibaki?

Mwana wa Chamwino

Marahaba mwanangu, na pole na masomo.

Nianze na huyo wa Muscat maana jibu lake ni fupi. Kazi aliyokutafutia ni ya wodini. Utalipwa vizuri, utasomesha wadogo zako, na baada ya miaka mitano utakuwa daktari wa wodini mwenye akiba benki. Hakuna aibu hapo, wako wengi na familia zao zinawaombea dua. Ila usiende ukijiambia kwamba ni njia ya mzunguko ya kufika kwenye upandikizaji. Ukitaka hela, nenda. Ukitaka kile ulichokiandika kwenye barua, endelea kusoma.

Sasa hilo la kwamba utafiti hauko hapa. Upandikizaji wa kwanza wa figo nchini ulifanyika Muhimbili Novemba 2017, madaktari wetu wakisaidiwa na wenzao wa India. Machi 2018 ikawa zamu ya Hospitali ya Benjamin Mkapa, kule kwenye vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma, pamoja na Wajapani wa kundi la hospitali la Tokushukai. (Dodoma ilitangazwa kuwa jiji Aprili mwaka huohuo, kwa hiyo tulikuwa na figo iliyopandikizwa kabla hatujawa na jiji.) Mwaka 2023 hospitali hiyohiyo ikaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Kwa mji ambao watu wa Dar walikuwa wakiupita tu kwenye basi la Mwanza, si haba.

Lakini rafiki yako ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo uisikilize. Ulichokiona ukiwa umesimama ukutani hakikuwa utafiti. Namna ya kushona mishipa ya damu ilishajulikana zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na Alexis Carrel alipewa Nobeli kwa kazi hiyo mwaka 1912. Kilichowashinda watu kwa miongo iliyofuata kilikuwa kinachotokea baada ya kushona: figo inakaa vizuri siku chache, kisha mwili unaikataa.

Mwangalie Joseph Murray wa Boston. Wengi wanamjua kwa Desemba 23, 1954, alipompandikiza pacha mmoja figo ya mwenzake waliyefanana kabisa, na mgonjwa akapona. Wachache wanakumbuka kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa akiwatibu askari walioungua, akiwabandika ngozi ya watu wengine na kuiona ikinyauka. Alijiuliza kwa nini inanyauka, na kwa nini mara nyingine inachelewa kunyauka. Peter Medawar wa Uingereza alianza na majeruhi wa moto vilevile, akaonyesha kwamba mwili hukumbuka ngozi ngeni uliyowahi kubandikwa. Wote wawili walikuwa wakifuatilia kidonda siku baada ya siku, wakiandika. Naye Thomas Starzl alijaribu kupandikiza ini huko Denver mwaka 1963, mgonjwa akamfia mezani. Akajaribu kwa wengine, nao wakafa. Akaacha, akarudi maabara, na mwaka 1967 ndipo akaanza kupata waliovuka mwaka. Vifo vile alivitangaza kwenye majarida, havikufichwa kwenye droo. Kama huna moyo wa kuandika "mgonjwa wangu amekufa na nadhani sababu ni hii", basi fungua zahanati Nkuhungu na anko atafurahi.

Kwa hiyo, mwanangu, kazi ya mtafiti wa upandikizaji iko kliniki, kwenye mabenchi ya wanaorudi. Na ukikaa kwenye yale mabenchi ya Dodoma, utakuta maswali ambayo Boston haiwezi kukujibia.

Chukua dawa wanayomeza waliopandikizwa, takrolimasi. Ilipatikana Japani mwaka 1984, kutoka kwa bakteria waliokutwa kwenye udongo wa Tsukuba, na leo ndiyo inayowazuia wengi duniani wasipoteze figo walizopewa. Ikizidi inaidhuru figo yenyewe, ikipungua mwili unaikataa. Sasa, Waafrika wengi wamezaliwa na kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo kwa kasi, na huhitaji dozi kubwa kuliko Wazungu, kwa kawaida mara moja na nusu hadi mara mbili. Hilo limeandikwa sana kuhusu Wamarekani weusi. Je, Mgogo wa Bahi? Mrangi wa Kondoa? Mama anayekuja kliniki kutoka Singida, ambaye kipimo cha kiwango cha dawa kwenye damu anakipata siku ya kliniki tu? Hapo una kazi ya miaka kumi.

Au chukua kifua kikuu. Mgonjwa wako anameza dawa za kushusha kinga, anaishi kwenye nchi yenye TB, siku moja anaanza kukohoa na kutoa jasho usiku. Kituo cha afya cha kijijini kinamwanzishia dawa kama mtu mwingine yeyote, ndani yake imo rifampisini. Rifampisini inashusha kiwango cha takrolimasi kwa kasi mno. Kifua kinapona, figo inakwenda. Aliyemwanzishia hakukosea mwongozo wake. Mwongozo haukuandikiwa mtu mwenye figo ya dada yake. Nani ataandika wa kwake? Hapo ndipo jina lako linapotakiwa.

Na kuna yule ambaye hata wewe hukumtaja kwenye barua yako. Ulieleza figo, mkojo, vibano, ukamsahau aliyelala chumba cha pili. Hapa kwetu figo inatoka kwa ndugu aliye hai, mtu mzima mwenye afya tunayempasua kwa ajili ya mwingine. Baada ya wiki chache anarudi shambani Mpwapwa, na kwa kuwa haumwi, anaacha kuja. Anakunywa maji kiasi gani mwezi wa kumi, jua linapopasua ardhi na kisima kiko mbali? Presha yake ikoje baada ya miaka mitano? Akibeba mimba? Na kabla ya yote hayo, alikubali vipi? Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa alama za tishu, kwa hiyo kwenye familia ya watoto wanane kikao cha ukoo kinakaa na macho yote yanamwelekea mmoja. Mara nyingi, niseme wazi, ni binti asiye na kauli. Azimio la Istanbul la mwaka 2008 limekataza biashara ya viungo, na Uganda imetunga sheria yake ya uchangiaji wa viungo mwaka 2023, ila shinikizo la kikao cha ukoo halina risiti ya kuonyesha polisi. Daktari anayejua Kigogo, anayejua mjomba akikohoa kikaoni anamaanisha nini, atayaona mambo ambayo mgeni na dodoso lake hatayaona.

Utaniambia wagonjwa ni wachache. Kweli, waliopandikizwa Dodoma ni makumi, na makumi hayatoshi kuthibitisha dawa. Lakini wachache unaweza kuwafuata wote, bila kupoteza hata mmoja, na ukiunganisha rejista yako na ya Muhimbili unaanza kupata namba. Mkoa huu umeshafanya hivyo kwa ugonjwa mwingine. Kongwa, tangu miaka ya 1980, watafiti wa Johns Hopkins na wenzao wa hapa walizunguka vijijini wakichunguza kope za watoto, wakaangalia hata nzi usoni, mwaka baada ya mwaka. Matokeo ya jaribio la kunawisha watoto uso yalichapishwa mwaka 1995, na leo usafi wa uso ni sehemu ya mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya trakoma. Walichohitaji zaidi ni daftari na uvumilivu wa kurudi kijiji kilekile.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Maliza ubingwa. Tasnifu yako usiichague kwa kuangalia kipi kitaisha haraka. Andika juu ya waliotoa figo, omba kibali cha maadili cha chuo na cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, mapema, maana kibali huchelewa kuliko utafiti. Kisha omba ufadhili wa ubingwa bobezi uende nje miaka miwili, India, Japani au Afrika Kusini, lakini uondoke na swali la nyumbani mkononi. Wanaokwenda bila swali hupewa la wenyeji wao, wakarudi wataalamu wa matatizo ya Osaka. Na ukishirikiana na wageni, mkubaliane kwa maandishi kabla ya sampuli ya kwanza: takwimu zinakaa wapi, na nani anaandikwa wa kwanza. Ukiona aibu kuuliza hilo, utaandikwa kwenye shukrani.

Baba yako mweleze mwenyewe, umfuate Chamwino, usimtume anko. Mwambie hela ya haraka haipo, mshahara upo, na kliniki binafsi ya jioni mara mbili kwa wiki ukishakuwa bingwa italipa ada za wadogo zako. Mzee aliyeuza ng'ombe anajua kusubiri ndama. Asichokijua ni hasira ya kudanganywa na mwanawe, kwa hiyo usimwahidi gari.

Na kabla sijaweka kalamu chini, nina neno kwa wasomaji wengine. Kama ulimpa ndugu yako figo, hapa Dodoma au Dar au India, na tangu ushonwe hujarudi kwa sababu huumwi, nenda wiki hii ukapime presha, mkojo na kreatinini, na kila mwaka urudi. Waambie waandike.