Karatasi za usalama wa kemikali zikae wapi?

SWALI: Mimi ni msaidizi wa maabara katika shule ya sekondari hapa Chepseon, Kericho. Karatasi za usalama wa kemikali zimefungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Je, inafaa?

JIBU: Haifai, ndugu yangu. Asidi ikimrukia mwanafunzi machoni, hakuna muda wa kutafuta ufunguo. Ziweke kwenye faili maabarani, karibu na mlango, kwa mpangilio wa alfabeti. Nakala nyingine ibaki ofisini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka muuzaji akupe karatasi hiyo, kwa hiyo idai kila unapopokea kemikali mpya.

Karatasi ina sehemu 16. Anza na ya 4, huduma ya kwanza. Ya 7, uhifadhi. Na ya 8, vifaa vya kujikinga. Karatasi ya asidi ya nitriki, kwa mfano, itakuonya usiiweke kabati moja na ethanoli: zikichanganyika zinaweza kulipuka. Chupa isiyo na lebo itenge, usiitumie kamwe.

Kabla ya kila zoezi, hakikisha bomba linatoa maji. Jicho lililoingiwa na asidi huoshwa mfululizo kwa dakika 15 au zaidi, kisha mwanafunzi apelekwe hospitali pamoja na karatasi hiyo.