Tovuti ya Kikundi Ikifutwa Google



Mgeni aliyefikia hoteli ya Diani akitaka kutembezwa Kaya Kinondo, siku hizi anauliza simu yake kwanza. Anayetokea juu ndiye anayempata. Kaya yetu imo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2008, lakini tovuti ya kikundi ikipotea, pesa ya mgeni huishia kwa dalali. Basi somo hili si la vijana wa kompyuta peke yao.

Kwanza hakikisheni kama kweli ni adhabu. Andikeni kwenye Google neno "site", nukta mbili, kisha jina la tovuti, bila kuacha nafasi. Kurasa zikitokea, hamjafutwa zote; huenda mmeshuka tu. Isipotokea hata moja, ulizeni kama ada ya mwaka ya jina la tovuti ililipwa. Wengine hulia adhabu kumbe ni deni! Kisha fungueni Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti. Adhabu iliyotolewa na mfanyakazi wao huandikwa pale pamoja na sababu. Kama hakuna maandishi, hakuna wa kuandikiwa barua: rekebisheni, mngoje, pengine miezi.

Mara nyingi chanzo ni fundi aliyeahidi, "Nitawaweka ukurasa wa kwanza." Hununua viungo kutoka tovuti za kamari za ng'ambo, au hurudia neno Diani mara mia kwa herufi nyeupe juu ya weupe: mgeni haoni, mashine inaona. Hata wakubwa wamenaswa. Mwaka 2006 BMW ya Ujerumani iliondolewa kwa kurasa za hila. Ilizitoa ikarudishwa baada ya siku chache. Mwaka 2011 duka la JCPenney la Marekani lilishushwa kwa viungo vya kulipiwa. Lilisema halikuvijua, likamwachisha kazi fundi, lakini adhabu ilibaki kwa mwenye duka, kama miezi mitatu.

Kwa hiyo safisheni kabla ya kuomba. Toeni maneno yaliyofichwa. Waandikieni wenye tovuti zile waondoe viungo. Wakikataa, pelekeni Google orodha ya viungo mnavyovikana, njia iliyowekwa mwaka 2012. Wekeni nakala za barua. Ndipo mtume ombi la kuangaliwa upya: nini kilifanyika, mmeondoa nini, lini, na ushahidi. Msijaze ombi kwa kulia shida. Anayesoma anataka kuona kazi. Jibu huja baada ya siku au wiki kadhaa, na mkituma tovuti ingali chafu mtakataliwa muanze upya.

Jambo moja zaidi. Bila neno la siri la Search Console hamwezi hata kuisoma adhabu yenu, na vikundi vingi limo kichwani mwa fundi.

Ya kujadiliana kikundini:
1. Neno la siri la tovuti yetu analo nani leo?
2. Fundi wetu alilipwa kufanya nini hasa, na tuliandikiana?