Magoti ya wazee wa Kolwezi na vidonge vya viungo

Kolwezi imejaa watu waliolitumikia jiwe kwa miili yao. Wapo wastaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines walioshuka chini ya ardhi katika mgodi wa Kamoto miaka nenda rudi. Wapo waliochimba kwa mikono mtaani Kasulo, wakiingia mashimo yaliyofunguliwa katikati ya nyumba za watu. Wapo akina mama wanaoosha madini, wameinama majini tangu asubuhi. Wakivuka miaka hamsini huanza kuuliza maswali yanayofanana, na mara nyingi wa kwanza kuyajibu ni muuzaji wa vidonge. Majibu yafuatayo ni kwa mtu mzima ambaye goti au nyonga imeanza kumsumbua, lakini bado anatembea na kufanya kazi zake.

Kinachouma ni nini hasa?

Ncha za mifupa inapokutana zimevikwa gegedu, tabaka laini linaloteleza. Miaka inapopita, na hasa kwa mtu aliyepiga magoti, kuchuchumaa na kubeba mizigo mizito, gegedu hupungua, mfupa wa chini yake hubadilika na kiungo huvimba kidogo. Madaktari huita hali hiyo osteoathraitisi; mitaani karibu kila maumivu ya viungo huitwa rumatizimu. Dalili zake zinajulikana: ugumu wa asubuhi usiofika nusu saa, mlio ndani ya goti, maumivu ya kushuka ngazi au kuinuka kitini. Baridi ya Juni na Julai huweza kuyafanya maumivu yasikike zaidi, lakini haiuleti ugonjwa.

Glukosamini na kondroitini hujenga gegedu upya?

Hapana, ushahidi wa hilo haupo. Glukosamini nyingi hutengenezwa kutokana na maganda ya kamba na kaa, na kondroitini hutolewa katika gegedu za wanyama kama ng'ombe na papa. Wazo lenyewe lina mvuto: kula malighafi ya gegedu ili mwili ukajenge gegedu. Mwili haufanyi kazi kwa njia nyepesi namna hiyo.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulifuatilia watu 1,583 wenye magoti mabovu kwa wiki 24. Kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa yoyote, kama 60 katika kila 100 walipata nafuu. Kati ya waliopewa glukosamini walikuwa 64, na waliochanganyiwa zote mbili karibu 67, tofauti ndogo ambayo bahati tu ingeweza kuileta. Walioonekana kunufaika walikuwa kikundi kidogo chenye maumivu makali zaidi. Wenye maumivu hafifu, yaani watu tunaowazungumzia hapa, hawakupata nafuu ya ziada. Mwaka 2015 Ufaransa, ambako baadhi ya dawa hizi ziliandikwa na madaktari kwa miaka mingi, iliacha kuwarudishia wagonjwa fedha za kuzinunua.

Haya hayamaanishi kuwa vidonge hivi ni sumu. Kwa watu wengi havina madhara makubwa. Hasara iko mfukoni: mzee anaponunua chupa kila mwezi kwa dola ambazo zingeleta samaki na mboga nyumbani, ana haki ya kuambiwa ukweli huu kabla hajalipa.

Mbona jirani yangu alimeza kidonge cha "mitishamba" akaamka mzima kesho yake?

Swali hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Hakuna kirutubisho cha viungo kinachofanya kazi usiku mmoja. Glukosamini yenyewe, hata wanaoitetea husema inahitaji wiki nyingi. Kitu kinachoondoa maumivu kwa saa chache kina dawa kali ndani yake, na mara nyingi dawa hiyo haikuandikwa kwenye chupa.

Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza tahadhari juu ya bidhaa za viungo ziitwazo Artri King na Artri Ajo King. Zilikuwa zikiuzwa kama virutubisho vya asili, lakini maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksametazoni. Kama hayo yalipita kwenye maduka ya nchi yenye ukaguzi mkali, tusidhani masoko yetu yako salama zaidi.

Deksametazoni ni steroidi. Huzima uvimbe upesi, huleta hamu ya kula na kumfanya mtu ajisikie na nguvu, ndiyo maana watu huipenda. Ikitumiwa kwa miezi, uso huvimba na kuwa mviringo, sukari na presha hupanda, mifupa hudhoofika, kichwa cha mfupa wa nyonga huweza kufa, na maambukizi kama kifua kikuu hupata nafasi. Diklofenaki, ibuprofeni na indometasini za kumeza nazo huchoma tumbo hadi kutoka damu na huumiza figo, hasa kwa mzee mwenye presha au mtu anayefanya kazi juani bila kunywa maji ya kutosha.

Kama umekuwa ukitumia kidonge cha namna hiyo kwa muda mrefu, usiache ghafla. Tezi zilizo juu ya figo, ambazo kwa kawaida hutengeneza homoni inayofanana na steroidi, hulala mtu anapopokea steroidi kutoka nje. Ukikata siku moja unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, hata kuzimia. Chukua paketi yenyewe uipeleke kwa daktari, ili dozi ipunguzwe kidogokidogo.

Na bangili ya shaba?

Mahali hapa shaba ilifuliwa na wahenga karne nyingi kabla ya kampuni ya Union Minière, kwa hiyo imani ya kwamba metali hii ina nguvu ya kuponya si ya kushangaza. Hata Uingereza watu huvaa bangili hizo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York walizipima, wakachapisha matokeo mwaka 2009 kwa wagonjwa wa osteoathraitisi na mwaka 2013 kwa wenye baridi yabisi ya kinga ya mwili. Hazikupunguza maumivu kuliko bangili za kuigiza. Ivae kwa uzuri wake.

Nikitaka kujaribu kirutubisho hata hivyo?

Chagua chenye kitu kimoja au viwili tu, kilichoandikwa kwa miligramu, chenye namba ya toleo, tarehe ya mwisho na jina la kiwanda. Chupa yenye mitishamba ishirini isiyo na vipimo iache dukani. Kipimo cha glukosamini kilichotumika kwenye tafiti ni miligramu 1,500 kwa siku. Anayedhurika na kamba au kaa asiitumie, na anayemeza warfarini ya kulainisha damu asiiguse bila daktari, kwa sababu inaweza kusababisha kutokwa damu. Mwenye kisukari apime sukari mara kwa mara. Jipe miezi mitatu. Kama kupanda ngazi bado ni kulekule, acha kununua. Manjano ina tafiti ndogo zenye matumaini, nayo ipo sokoni kwa bei nafuu, ila kiasi cha kwenye mchuzi ni kidogo sana kulinganisha na kilichotumika kwenye tafiti hizo.

Kipi kinasaidia kweli?

Misuli ya paja. Keti kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, ushikilie hadi uhesabu tano, ushushe polepole. Rudia mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Ni zoezi la bure, na ushahidi wa mazoezi kwa goti ni mkubwa kuliko wa chupa yoyote. Mwenye uzito mwingi akipunguza kilo 1, goti lake hupunguziwa mzigo wa karibu kilo 4 kwa kila hatua; wengi wanaweza kuanzia na bia na soda, bukari (ugali) nayo ipunguzwe kidogo. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si wa upande unaouma. Maumivu yakizidi, jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini husaidia, na sehemu ndogo tu huingia kwenye damu. Kwa nyonga haifiki ndani.

Lini nisinunue chochote, niende hospitali kwanza?

Kiungo kilichovimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, pamoja na homa, ni jambo la siku hiyohiyo, kwa sababu usaha ndani ya kiungo hukiharibu haraka. Kidole gumba cha mguu kinachowaka usiku baada ya nyama na bia huenda ni gauti, yenye dawa zake. Ugumu wa asubuhi unaozidi saa moja, katika vidole vya mikono yote miwili, ni ugonjwa mwingine usiongoja. Mgongo unaouma usiku huku mtu akikonda na kutoka jasho uchunguzwe kifua kikuu cha mifupa. Na mtoto au kijana ambaye mifupa humuuma kila mara apimwe SS (selimundu), wala asipewe vidonge vya viungo vya babu yake.