Nanga Ikinasa Mkongo: Mambo ya Kufanya Baharini

Februari 25, 2012, meli iliyokuwa ikisubiri zamu ya kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa. Nanga ile ikaukata mkongo wa intaneti wa TEAMS, unaoiunganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu, na intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani.

Mikongo ya baharini hubeba zaidi ya asilimia 95 ya mawasiliano ya intaneti baina ya mabara. Hujuma zipo: mwaka 2013 wanamaji wa Misri waliwakamata wapiga mbizi watatu karibu na Alexandria, wakidaiwa kukata mkongo. Lakini katika hitilafu 150 hadi 200 zinazotokea duniani kila mwaka, nyingi huletwa na nanga na nyavu. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa mkongo ni nahodha na mvuvi.

Kabla ya kutoka. Tazama ramani ya bahari. Mkongo huchorwa kwa mstari wa mawimbimawimbi. Huna ramani? Uliza BMU yako (kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa ufuo) au mamlaka ya bandari.

Juu ya njia ya mkongo. Usitie nanga, usikokote nyavu. Ukiona chombo kinazungukazunguka hapo bila sababu, au wapiga mbizi usiowajua, toa taarifa, usiwakabili mwenyewe.

Nanga ikinasa. Usivute kwa nguvu. Mkongo hupitisha umeme wa maelfu ya volti, na chombo kidogo chaweza kupinduka. Kata kamba, uiache nanga.

Papo hapo. Andika saa na mahali ulipo kwa GPS, pamoja na majina ya mabaharia walioshuhudia. Piga picha kamba iliyokatwa. Kisha arifu kwa redio ya VHF, chaneli 16, na ukifika pwani ripoti kwa mamlaka.

Dai haki yako. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, unazitaka nchi ziweke sheria ili mwenye mkongo amlipe aliyepoteza nanga au nyavu kwa kuuepusha mkongo usiharibike. Masharti ni mawili: uthibitishe hasara hiyo, na uwe ulichukua tahadhari zote za kawaida kabla yake.

Mvuvi asiyeijua haki hii aweza kuvuta mpaka mkongo ukatike. Viongozi wa BMU, bandikeni maelezo yake dikoni, kando ya ramani ya mikongo ya eneo lenu.