Ukifuta Dalili, Mzizi Unabaki (Mt 12:43–45)



Unatafuta masomo ya Misa ya Jumapili, simu inakupeleka kwenye matangazo ya kubeti. Unaandika tena, yale yale. Bando linaisha na masomo hujayaona. Hiyo ni programu hasidi: imeshika kivinjari chako, na mwenye nayo analipwa ukifika kwenye kurasa hizo.

Wengi wanarudisha Google tu kwenye mipangilio, basi. Kesho matangazo yanarudi, maana aliyeibadilisha bado yumo ndani. Fanya hivi:

1. Kwenye simu, fungua Mipangilio, kisha Programu. Ondoa usiyoijua, hasa uliyoipakua nje ya Play Store.
2. Kwenye kompyuta, futa viendelezi vigeni vya kivinjari.
3. Zima arifa za tovuti usizozijua.
4. Ndipo urudishe Google.

Yesu anasimulia pepo aliyetoka, akarudi akaikuta nyumba imefagiwa lakini tupu, akaenda kuwaleta wenzake saba. Ndivyo ilivyo dhambi. Unaungama kubeti kila mwezi, lakini programu ya kubeti bado iko kwenye simu! Toba inaondoa na nafasi ya dhambi.

Tena nyumba isibaki tupu. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki 2006 akiwa na miaka 15, alitumia kompyuta kutengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi.

Zoezi la wiki: kabla ya kuungama, pitia programu zako moja moja. Ipi inakupeleka usikotaka kwenda? Ifute.

Tuombeane.