Mchango wa Mtu Aliye Hai

Tata alipofariki (ndivyo sisi Abagusii tunavyomwita baba), watu walichanga shilingi 214,000 kwa siku nne. Karani wa mazishi aliandika majina mpaka kurasa za daftari zikaisha. Miaka mitatu baadaye, kitindamimba wetu alipokuwa akifa polepole kwa chang'aa, niliandika ujumbe kwenye kikundi kilekile cha WhatsApp, kwa watu walewale. Zilikuja shilingi 6,500, kisha kimya.

Mimi ni fundi wa nguo Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira. Nyumbani kwetu ni upande wa Kebirigo. Haya nayaandika kwa ajili ya mtu wa Suneka, Manga au Ekerenyo ambaye usiku huu hajalala, anasikiliza kama kuna miguu inayokokota kuelekea mlangoni.

1. Ulevi ulikuwa umetula zaidi ya bei ya matibabu

Kila mtu aliyeniambia matibabu ni ghali nilimwamini, hadi siku niliyoketi na mama tukapiga hesabu. Pikipiki ya bodaboda iliyonunuliwa kwa mkopo wa chama iliuzwa kwa bei ya kutupa. Bonasi ya majani chai ya Oktoba, miaka miwili mfululizo, haikufika nyumbani. Mbuzi watatu walitoweka, kisha mabati ya jikoni. Mganga aliyeapa kwamba kijana amerogwa alichukua 8,000 na jogoo, na mhubiri wa maombi ya usiku kucha naye hakuondoka mikono mitupu. Tulipofika 190,000 mama aliniomba niifunge kalamu.

Simlaumu mama kwa habari ya mganga. Mtoto akiwa amerogwa, aibu ni ya jirani. Akiwa mlevi, aibu inalala kwako.

2. Usimfungie ndani ili aache

Hili nalirudia kwa kila anayekuja kuniuliza, kwa sababu nusura tumuue mdogo wangu kwa mapenzi.

Agosti 2024 kaka zangu walimfungia chumbani, wakaweka maji na uji mlangoni, wakasema baada ya wiki moja atakuwa mtu. Siku ya kwanza alitetemeka na kutoka jasho, nasi tukafurahi kwamba pombe inatoka. Usiku wa pili alianguka kwa kifafa, akauma ulimi. Hakuwahi kuwa na kifafa kabla ya hapo. Tulimbeba kwa bodaboda, yeye katikati, kaka yangu nyuma akimshikilia, hadi hospitali ya kaunti.

Afisa wa kliniki alitueleza vizuri kuliko mtu yeyote kabla yake. Mwili uliokunywa kila siku kwa miaka, alisema, ni kama watu wawili wanaovuta kamba. Pombe inavuta upande mmoja wa kutuliza, ubongo unavuta upande wa pili ili ubaki macho. Ukimwondoa mmoja ghafla, mwingine anaanguka kwa nguvu zake mwenyewe. Kifafa huja ndani ya siku mbili za kwanza. Baada ya hapo, kati ya siku ya pili na ya nne, mgonjwa aweza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo na kuwaka homa, na katika hali hiyo watu hufa. Wangu aliona siafu wakipanda ukutani, akawa anawafagia kwa viganja.

Dawa ilikuwa diazepamu iliyopunguzwa siku baada ya siku, na vitamini B1 ya sindano, ambayo mlevi hupaswa kupewa kabla ya kutundikiwa dripu ya sukari. Ni dawa za zamani, zisizo za bei kubwa. Siku sita wodini zilitugharimu 11,400, pamoja na nauli na chakula. Tulikuwa tumemlipa mganga karibu kiasi hicho.

Kwa hiyo mlango wa kwanza ni hospitali. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1916 ilipotibu wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ina wataalamu wa afya ya akili. Huko ndiko mtu hupimwa na kuambiwa kama anahitaji kulazwa kituoni au kliniki ya kwenda na kurudi inamtosha. Wapo wanaotoshwa na kliniki, na sisi hatukuwa tumeuliza.

3. Kibao cha getini si kibali

Baada ya hospitali tulikuwa na haraka. Mtu alitupa namba ya kituo kimoja cha kurekebisha waraibu, mbali na kwetu. Sauti kwenye simu ilikuwa tamu. Tulituma 45,000 kabla hatujauona mlango wake.

Walitukataza kumtembelea kwa mwezi mzima, eti familia humrudisha mgonjwa nyuma. Wiki ya tano nilienda bila kupiga simu. Nilikuta wanaume 20 na zaidi ndani ya nyumba iliyofungwa kwa kufuli nje. Muuguzi hakuwepo, na aliyeitwa mshauri alikuwa mgonjwa wa zamani asiye na cheti chochote. Mdogo wangu alikuwa na alama za waya mgongoni. Aliniambia, "Dada, usilie hapa, wataniuliza nimekwambia nini." Nilimtoa siku hiyohiyo. Pesa hazikurudi, na risiti sikuwa nayo, maana nilituma kwa namba ya mtu binafsi.

Kituo halali hukaguliwa na kuidhinishwa na NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Namba yao ni 1192, haitozwi, na hupokewa usiku na mchana. Nilipoipiga mara ya kwanza nilitegemea mashine, akaja mtu, akanisikiliza nikilia, ndipo akaniuliza niko kaunti gani. Taja jina la kituo unachofikiria, waulize kama wanakitambua. Kisha nenda mwenyewe, kwa miguu yako. Uliza nani anakesha usiku mgonjwa akianguka, na kama utaruhusiwa kumwona. Harufu ya jikoni na nyuso za waliolazwa zitakujibu mengine.

Usiogope umbali pia. Kituo cha Asumbi, huko Homa Bay, ni miongoni mwa vya zamani zaidi nchini, na kutoka Kisii si safari ya kulala njiani. Wangu hatimaye alilazwa kaunti nyingine, na ninaamini kuwa mbali na wenzake wa kilabuni kulimsaidia.

4. Uliza bima kabla ya kuuliza bei

Mimi nilifanya kinyume. Oktoba 2024 bima ya taifa ya afya, NHIF, ilifungwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikashika nafasi yake. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara, kama mdogo wangu, huulizwa maswali kuhusu nyumba na mali yake, halafu hupangiwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, ambao hulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Matibabu ya akili na uraibu yamo katika huduma zake, ila kwenye vituo vilivyo na mkataba. Kwa hiyo usitosheke na jibu la "tunachukua SHA". Waambie wakuandikie huduma gani inalipiwa, kwa siku ngapi, na familia itabaki na deni gani. Kituo tulichopata kilitaka 180,000 kwa siku 90. Baada ya bima na maombi yangu ya kupunguziwa, tulibaki na 96,000.

Ukikutana na karani anayekwambia ulevi ni tabia, hivyo bima haiuhusu, mjibu kwa heshima kwamba Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inamhesabu mraibu wa pombe na dawa kuwa mgonjwa, na inampa haki ya bima ya afya.

5. Usichange kama wa mazishi

Kwetu tunajua kuchangia kifo. Kuna kamati, kuna karani, kuna siku ya mwisho, na ng'ombe hupatikana. Pesa huja kwa mshindo mmoja na hutumika kwa mshindo mmoja. Nilipoomba kwa mtindo huo watu walikataa, na mmoja aliandika waziwazi: "Pesa ya mlevi ni pesa ya chang'aa." Ilinichoma. Usiku ule nilimjibu kwa maneno ambayo nimeshayaombea msamaha. Lakini nilipotulia niliona kwamba hoja yake haikuwa ya bure. Nani alimhakikishia kwamba pesa haitapita mikononi mwa mgonjwa?

Pia niliona kosa langu la pili. Mazishi huisha Ijumaa. Ugonjwa huu hauna Ijumaa. Unataka pesa ndogo, kila mwezi, kwa muda mrefu. Wazee wetu walikuwa na risaga, jirani wakija kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Niliwatafuta watu watano tu: kaka wawili, shangazi, rafiki yake wa shule ya msingi, na mimi. Kila mmoja 2,000 kwa mwezi, kwa miezi 12. Pesa ziliingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kila risiti niliipiga picha na kuiweka mbele ya wote. Mwezi wa tatu walikuja wengine wawili bila kuombwa. Mmoja wao ni yule wa pesa ya chang'aa. Mwanawe alikuwa ameanza kunywa.

6. Shamba lisiuzwe

Baba mdogo alipendekeza tukate robo ekari ya chai. Mama alikataa, na alikuwa sahihi. Kisii ina watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba, na kwetu Nyamira pia watu wamebanana. Shamba likienda halirudi. Mtu aliyepona akirudi akakuta hana mahali pa kuchuma, amerudi kwa lipi?

7. Weka akiba ya siku ya 91

Mdogo wangu alirudi Mei 2025, amenenepa mashavu, anaamka saa kumi na moja asubuhi. Tulichinja. Mfukoni mwa familia hakukuwa na kitu, maana kila shilingi ilikuwa imekwenda kituoni. Yule mama anayepika chang'aa yuko mageti matatu kutoka kwetu. Simchukii, ana watoto wawili sekondari na ndiyo karo yao. Sheria ya mwaka 2010 iliiruhusu chang'aa ya leseni na chupa, ila yake hutoka kwenye mtungi kama zamani, na harufu hufika kwetu upepo ukigeuka.

Tulijaribu kupanga. Pesa ya majani chai ya kila mwezi ilianza kuingia kwenye simu ya mke wa mdogo wangu, kwa idhini ya mdogo wangu mwenyewe mbele ya mama. Alhamisi alienda kwenye kikundi cha wanaume walioacha pombe, wanaokutana kanisani bila kulipishana. Bonasi ya Oktoba tuliisahau. Ilishuka kwenye simu yake mwenyewe, na alipotea siku tatu.

Siku ya nne alikuja Keroka, akasimama mlangoni pa duka langu, hakuketi. "Dada, nimeanguka. Nipeleke kabla sijaanza kutetemeka." Mwaka uliotangulia tulikuwa tumembeba. Safari hii alikuja kwa miguu yake, na jambo hilo nalihesabu. Daktari alimweka wodini siku tatu, akampangia kliniki ya kila wiki mbili. Gharama yote haikufika 5,000, lakini hata hizo niliazima kwa mwenye kibanda cha M-Pesa, kwa sababu tulikuwa tumechanga kwa ajili ya kituo tu.

Sasa wachangaji ni saba, na tumekubaliana kuendelea mwaka wa pili kwa 500 kila mmoja. Daftari ni lilelile la mazishi ya Tata; niliongeza karatasi nyuma. Mstari wa mwisho niliouandika wiki hii unasema: nauli ya kliniki kwenda na kurudi, 400, dawa, 650, chai na mandazi, 80, amelipa mwenyewe.